Kipimo kinasoma volti 5,400, ng'ombe wako kwenye ufuta: kisa cha uzio wa umeme bonde la Mbwemkuru

Usiku mmoja mwishoni mwa Juni ng'ombe sita walivuka uzio wa umeme wakaingia kwenye ufuta wa jirani. Ufuta ulikuwa umeshakatwa na kusimamishwa vitita ili ukauke. Mtu wa Lindi haelezwi hasara ya hapo. Ukifika hatua ile maganda yanakuwa yameanza kufunguka midomo, mbegu zinangoja kutikiswa tu, ndiyo maana mkulima mwenyewe hutandika turubai kabla hajagusa kitita. Ng'ombe hana haja ya kuula. Akipita katikati na kujikuna kidogo, kazi ya tangu Januari inakuwa imemwagika mchangani, na mbegu ya ufuta ikishaingia kwenye mchanga haiokotwi.

Mwenye ng'ombe ni mwalimu mstaafu. Shamba lake liko kusini mwa mto Mbwemkuru, mkoani Lindi, ekari 30 kwa ujumla. Ekari 18 ziko juu, kwenye mchanga, na ndizo zilizozungushiwa uzio. Ekari 12 zilizobaki ziko chini, udongo mweusi wa mbuga, na hizo aliziacha wazi kwa sababu masika zinajaa maji na pembeni yake kuna kichaka chenye mbung'o. Ng'ombe ni 22, karibu wote zebu wa kienyeji, na chotara wachache. Uzio ulifungwa Februari: nyaya mbili, zote za moto, yaani zinazobeba umeme, nguzo za miti, mashine ya sola ya jouli moja (jouli ni kipimo cha nishati ya pigo) na betri ya volti 12. Februari hiyo hiyo ulifanya kazi vizuri mno. Ng'ombe waliugusa mara moja, wakaruka, wakakaa mbali. Mwalimu akapunguza mchungaji.

Jirani, mama mmoja anayelima ufuta, mahindi na mbaazi, alikwenda asubuhi ile mpaka kwenye kibanda cha mashine. Maneno yake yamekuwa kama methali pale kijijini: "Mwalimu, taa yako inawaka kijani, na ufuta wangu uko chini. Sasa hiyo taa inamlinda nani?"

Mwalimu hakubishana. Bwana shamba alikuja kufanya tathmini, fidia ikalipwa mbele ya mtendaji wa kijiji, na ikaandikwa kwamba ng'ombe watalala zizini, na mchana watachungwa na mtu, mpaka uzio uthibitishwe. Kwa Lindi huo ni mwisho mzuri. Serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, mingi kati ya mifugo ile ilielekea Kusini, Kilwa na Lindi, kwenye vijiji ambavyo vingi havikuwa na mazoea ya kuishi na makundi ya ng'ombe. Tangu hapo kesi ya ng'ombe kuingia shambani haibaki kuwa ya ng'ombe tu. Watu wawili waliosali pamoja Ijumaa wanaweza kugeuka "mfugaji" na "mkulima" ifikapo Jumatatu. Hapa haikufika huko kwa sababu mwalimu amewasomesha watoto wa nusu ya kijiji, na kwa sababu alilipa haraka.

Fundi aliyefunga uzio alipoitwa alikuwa na jibu tayari: mashine ni ndogo, inunuliwe ya jouli tatu. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutafuta hela. Mimi niliitwa hapo katikati, hela haijapatikana bado, kuangalia kama ushauri ule una maana.

Haukuwa na maana. Lakini kwa nini haukuwa na maana ndicho kiini cha kisa hiki, maana vipimo vyote vya kawaida vilikuwa upande wa fundi na uzio wake. Betri alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, ilikuwa na volti 12.4, haina shida. Mashine ikiwa imechomolewa kwenye uzio ilitoa volti zaidi ya 8,000. Ikiwa imechomekwa, kipimo cha kidijiti kilichoshikwa kona ya mbali kabisa kilisoma 5,400. Kwa ng'ombe tunataka zisipungue 3,000. Kwa namba hizo uzio ulikuwa mzima kabisa. Kijana wa pale akaugusa waya kwa kijiti cha nyasi mbichi, kisha kwa kidole, akiwa amevaa kandambili. Akacheka. Akavua kandambili, akasimama pekupeku kwenye mchanga mkavu, akagusa tena. "Inatekenya tu," akasema.

Basi kipimo kinasema 5,400, na mtu mzima anasema inatekenya. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Mashine ya uzio husukuma pigo fupi sana la umeme, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kila baada ya sekunde moja na ushee. Ili pigo limfikie ng'ombe linapaswa kuzunguka: litoke kwenye mashine, lipite kwenye waya, lishuke kwenye mwili wa ng'ombe hadi kwato, lipite ardhini, lirudi mpaka kwenye fimbo ya ethi, yaani chuma kilichochimbiwa ardhini na kuunganishwa na mashine, liingie kwenye mashine. Ardhi ni nusu ya waya. Februari mchanga umelowa, unapitisha. Mwishoni mwa Juni, wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, mchanga wa juu umekauka kabisa na haupitishi karibu chochote. Kipimo cha kidijiti hakihitaji umeme mwingi ili kisome. Kinaridhika na chembe tu, hivyo kinaonyesha volti nyingi hata njia ya kurudia ikiwa imeziba. Ni bomba lenye presha nzuri kwenye saa yake, lakini ukifungua koki yanatoka matone. Ng'ombe hapigwi na presha. Anapigwa na yale yanayotoka.

Kwa hiyo kupima volti za waya peke yake, kwenye mchanga wetu na wakati wa kiangazi, kunadanganya. Kinachopimwa ni ethi, na inapimwa uzio ukiwa umebebeshwa mzigo, yaani umeme wake ukivujishwa kwa makusudi kwenda ardhini. Tulikwenda umbali wa zaidi ya mita 100 kutoka kwenye mashine, mashine ikiwa imezimwa, tukachimbia vipande vitatu vya nondo na kuviegemeza kwenye waya wa moto. Nondo za kwanza hazikufanya kitu kwa sababu mchanga ulikuwa mkavu mno, ikabidi kumwagia kila moja ndoo ya maji. Mashine ikawashwa, volti za uzio zikaanguka chini ya 2,000, kama inavyotakiwa ili kipimo kiwe cha haki. Kisha tukarudi kwenye fimbo ya ethi: ncha moja ya kipimo kwenye fimbo, ncha nyingine kwenye msumari mrefu uliochomekwa ardhini umbali wa mita moja. Ethi nzuri hapo husoma karibu na sifuri. Ikifika 200 au 300 uanze kuongeza fimbo. Ile ilisoma 2,600.

Fimbo yenyewe tukaichimbua. Kipande kimoja cha nondo, urefu wa mita moja hivi, kimevaa kutu, kimefungwa kwa waya wa shaba uliosokotwa kwa mkono. Hapo kuna makosa matatu yanayojulikana. Ni fupi, haifiki kwenye unyevu. Ni moja, wakati hata kwa mashine ndogo huanzia tatu. Na shaba iliyokutanishwa na chuma kwenye unyevunyevu hula chuma mpaka kiungo kikafa chenyewe. Kama mwalimu angenunua mashine ya jouli tatu akaifunga kwenye kipande kile cha nondo, angekuwa na volti nyingi zaidi kwenye kipimo na mtekenyo ule ule kwenye pua ya ng'ombe.

Tiba ilikuwa na sehemu mbili, na mtu wa mchangani asichague moja. Kwanza tulihamisha ethi. Badala ya kuiacha karibu na kibanda, juu, tuliishusha mpaka ukingo wa mbuga, ambako udongo mweusi hushika unyevu hadi mwishoni mwa kiangazi. Mabomba manne ya mabati ya urefu wa mita mbili, umbali wa mita tatu kati ya moja na jingine, yameunganishwa kwa waya wa mabati ule ule na kubanwa kwa klipu za mabati, kisha waya wenye ganda ukapanda mpaka kwenye mashine. Waya huo ni mrefu, na baadhi ya mafundi wanaona ni uharibifu. Kwangu mimi ni hela iliyotumika vizuri kuliko zote. Angalizo la hapo ni moja: ethi ya uzio ikae angalau mita 10 mbali na ethi ya umeme wa TANESCO wa nyumbani, ya simu au ya bomba la maji, la sivyo utaanza kupigwa shoti bombani.

Pili, tuliongeza waya wa tatu na kuupa kazi tofauti. Wa juu, sentimita 95 kutoka ardhini, ni wa moto. Wa chini, sentimita 40, ni wa moto. Wa katikati, sentimita 65, hauna moto. Umeunganishwa kwenye ethi. Ng'ombe anapoingiza kichwa kati ya nyaya ili asukume, anagusa wa moto na wa ethi kwa pamoja, na pigo linarudi kupitia waya, halihitaji mchanga tena. Akinusa waya wa juu peke yake bado anategemea ardhi, ndiyo maana ethi ya mbugani haikuachwa. Septemba, katikati ya ukame, kipimo cha ethi kwa mzigo ule ule kilisoma 250. Bado kiko juu kuliko ninavyopenda. Bomba la tano linasubiri.

Gharama ya mabomba, klipu na waya haikufika robo ya bei ya mashine mpya.

Uvujaji mdogo mdogo nitaupitia haraka. Sehemu kadhaa fundi alitumia vipande vya mpira wa bustani badala ya vikombe vya plastiki vya kuzuia umeme usipite kwenye nguzo, na jua lilikuwa limevipasua. Ukitembea kando ya uzio usiku wa kimya unasikia tak, tak, tak mahali umeme unaporuka kwenda kwenye nguzo, na gizani cheche inaonekana. Nyasi zilizogusa waya wa chini zikafyekwa. Mstari huo uliofyekwa ukilimwa mpana unakuwa pia barabara ya kuzuia moto, jambo la maana kwa mtu wa Lindi kuanzia Agosti, kwani moto ukipita chini ya uzio vikombe vyote vinayeyuka.

Baada ya ethi kutengenezwa mwalimu aliuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa pale: "Kama mchanga umekauka kwa wote, mbona waliotoka ni sita tu? Wale kumi na sita walishindwa nini?"

Tuliwatazama mmoja mmoja. Wanne kati ya sita walinunuliwa mnadani mwezi Mei. Waliletwa jioni, wakaachiwa moja kwa moja ndani ya uzio, mchanga ukiwa tayari unakauka. Hawakuwahi kupata pigo la kweli. Wale wa zamani walikuwa bado wanaiheshimu Februari. Uzio wa umeme hauzuii kwa nguvu ya waya, unazuia kwa kumbukumbu. Waya mbili nyembamba zile ng'ombe wa kilo 220 anazipita kama hazipo akiamua. Ng'ombe mgeni anafundishwa kwanza: zizi dogo imara la miti, ndani yake waya mmoja wa moto wenye nguvu, ardhi imemwagiwa maji, majani matamu yamewekwa upande wa pili wa waya. Anakwenda kwa pua, anapigwa puani, anarudi nyuma. Siku moja au mbili zinatosha. Ubaya wa kumfundisha kwenye uzio dhaifu ni kwamba anajifunza kinyume, yaani kwamba waya si kitu, na kumfuta somo hilo ni kazi. Wale wanne walirudishwa darasani, kama mwenyewe alivyosema.

Mpaka hapo fundi yeyote makini angefunga vifaa vyake na kuondoka. Mimi sikuridhika, kwa sababu ya hao wawili waliobaki. Walikuwa ng'ombe wa zamani, wa Februari, wanaoujua uzio. Walifuata wenzao kwa sababu walikuwa na njaa.

Nenda ndani ya zile ekari 18 utaona. Karibu na birika la maji na mlangoni ardhi ilikuwa tupu, mchanga mtupu na vinyesi. Kona ya mbali kulikuwa na nyasi ndefu za kuezekea, zimekomaa, zimegeuka miti, hazijaguswa tangu Machi. Tangu Februari ng'ombe walikuwa wameachiwa eneo lote kwa pamoja. Ng'ombe akiachiwa hivyo hali shamba zima. Anakula kilicho kitamu na karibu, anarudi pale pale kikichipua vidole viwili, anakula tena. Nyasi inayoliwa tena kabla haijapona hula akiba ya mizizi yake, na mara ya tatu au ya nne inakufa. Wakati huo huo ile ya mbali inakomaa mpaka haifai. Shamba moja linakuwa na njaa na uharibifu wa chakula kwa pamoja. Watu husema "ng'ombe wamezidi." Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kilichozidi kwanza ni siku za kukaa mahali pamoja.

Tulipima. Chombo ni fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50, panga, na mizani ya jikoni. Unaitupa fremu sehemu mbalimbali, nzuri na mbaya bila kuchagua, unakata kinacholiwa, unakianika mpaka kikauke kabisa, unapima. Gramu unazopata zidisha kwa 40, unapata kilo za majani makavu kwa hekta. Wastani wa kule juu ulitoka gramu 35, yaani kilo 1,400 kwa hekta. Ekari 18 ni karibu hekta 7.3. Jumla ni kilo 10,220 hivi, na nusu yake ibaki ardhini kufunika udongo na kulinda mizizi. Chakula kilichopo ni kilo 5,110.

Sasa walaji. Ng'ombe anahitaji majani makavu karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Ng'ombe 22 wa wastani wa kilo 220 wanakula kilo 121 kwa siku. Gawanya: siku 42. Tulikuwa mwanzoni mwa Julai. Mvua za Lindi ni msimu mmoja, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba, na nyasi haziliki siku ya mvua ya kwanza. Kiangazi kilichokuwa mbele kilikuwa cha siku 150. Yaani katikati ya Agosti uzio ule, hata ukiwa na ethi ya dhahabu, ungekuwa umezungushia njaa. Na ng'ombe mwenye njaa anayeona kijani upande wa pili hupiga hesabu yake: pigo moja la maumivu kwa shibe ya siku nzima. Atalipa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa vifaa hivi. Wanauza uzio kama ukuta. Uzio wa umeme ni kifaa cha kugawa malisho kwa siku. Ukishautumia hivyo, kuzuia kunakuja chenyewe. Mwalimu alinunua ukuta, na akapata ukuta mbaya.

Mpango wenyewe uliumiza. Hatua ya kwanza ilikuwa kuuza. Mwalimu alikataa, na kukataa kwake kulikuwa na sababu: ng'ombe ni benki, na kati ya hao kulikuwa na wa binti yake. Alikubali hesabu ilipoandikwa mezani: ng'ombe anayeuzwa Julai ana nyama, huyo huyo akiuzwa Oktoba ana mifupa, na wenzake wote wamekonda kwa ajili yake. Waliuzwa nane. Waliobaki 14 walihitaji kilo 77 kwa siku, kama kilo 11,550 mpaka mvua. Toa zile 5,110 za juu, pungufu ni 6,440.

Chakula cha pili kilikuwa kimekaa nje ya uzio muda wote. Zile ekari 12 za mbuga, zilizoachwa kwa kuogopa mbung'o, zilitoa wastani wa gramu 45 kwa fremu, kilo 1,800 kwa hekta. Nusu yake ni karibu kilo 4,370. Hofu ya mbung'o si ya kudharauliwa: nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, imeua ng'ombe wengi bonde hili, na mtu aliyewahi kuona ng'ombe akikonda huku anakula hasahau. Lakini kichaka ni kipande kimoja cha pembeni. Ng'ombe walimwagiwa dawa ya mgongoni ya kuua mbung'o na kupe, waya wa muda ukavutwa kuwaweka mbali na kichaka, na mbuga ikalishwa kipande kwa kipande, siku chache kila kimoja. Sehemu yenye nyasi nyingi zaidi ilifyekwa ikafungwa marobota kwa kasha la mbao. Marobota ya Julai hayana ubora wa yale ambayo yangefyekwa Aprili au Mei nyasi zikitoa maua, na nilimwambia hivyo. Yanajaza tumbo, hayanenepeshi.

Zilibaki pungufu kilo 2,000 na kitu. Suluhisho lilitoka mahali ambapo sikutegemea.

Jirani yule wa ufuta alikuwa na mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama, na mbaazi ambazo zingevunwa Agosti na Septemba. Mabaki ya mbaazi, majani na maganda, ni chakula bora kuliko nyasi kavu yoyote ya kiangazi kwa sababu yana protini, ambayo nyasi hizo hazina. Mwalimu alikwenda mwenyewe. Hakutuma mtu. Mazungumzo nilikuwapo.

"Dada yangu, nimekuja kuomba tena pale pale nilipokukosea."

"Unataka mashamba yangu, Mwalimu? Na ufuta nao umeshaondoka, sasa umefuata mabua?"

"Mabua na mabaki ya mbaazi. Nitazungushia uzi wa umeme wa muda, ng'ombe watalala zizini kwangu, samadi itabaki kwako."

Mama alinyamaza, akauliza habari ya wajukuu. Hilo ndilo swali watu wote huuliza na mafundi hulijibu kwa haraka mno: mtoto akiushika? Jibu ni kwamba mashine halali ya uzio hutoa pigo fupi, lenye nishati iliyowekewa kikomo, na kati ya pigo na pigo mtu anapata nafasi ya kuachia. Linauma, linaogopesha, na kwa mtu mzima mwenye afya haliui. Lakini uzio haufungwi kwenye seng'enge yenye miiba, kwa sababu mtu au mnyama akinasa hawezi kujitoa na ataendelea kupigwa. Mtoto mdogo sana asiachwe karibu nao. Vibao vya hatari viwekwe panapopita watu. Na yale ya mtu kuchomeka waya wa uzio moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani si uzio wa umeme. Ni mtego wa kuua, na waliofia kwenye mitego ya namna hiyo ndio waliofanya vijiji viogope hata mashine salama.

Mama aliugusa mwenyewe kwa ncha ya kidole, akatoa mguno mmoja, akasema watoto watakatazwa. Masharti yake yalikuwa matatu. Ng'ombe waingie mbaazi zikishavunwa zote, si kabla. Asubuhi mpaka alasiri tu, na mchungaji awepo. Wasikaribie mikorosho, kwa sababu mabibo yanaanguka na korosho zake, na ng'ombe anayeokota bibo ameokota na hela. Mwalimu akaongeza la nne upande wake: mikorosho iliyopuliziwa salfa na dawa za wadudu, majani ya chini yake ng'ombe wasiyale kabisa, kwani salfa ikizidi tumboni mwa ng'ombe hudhuru ubongo. Yakaandikwa, mtendaji akashuhudia.

Ndani ya ekari 18 tulikata vitalu vinane kwa waya mmoja mmoja wa ndani, na ujia wa kwenda kwenye maji ili ng'ombe wasikatize kitalu kilichopumzishwa. Kiangazi vitalu havioti kitu. Hapo vinasaidia kugawa tu, wale hiki waache kile. Faida yake ya kweli itaonekana masika, siku tano kila kitalu, kisha siku 35 za kupumzika kabla ya kurudiwa. Nyasi zikikimbia sana Februari na Machi vitalu viwili vitarukwa na kufyekwa kwa ajili ya marobota. Chumvi tumeihamisha kutoka birikani kwenda kona ya mbali, ambako ng'ombe walikuwa hawafiki.

Mtu wa Liwale au Nachingwea akisoma haya ataniuliza habari ya tembo, na ana haki. Uzio wa aina hii si wa tembo. Pembe haipitishi umeme vizuri, na tembo mwerevu huisukumia nguzo au huangushia mti. Uzio wa kuzuia tembo una urefu, nguvu na bajeti yake; yasichanganywe.

Mpaka mwishoni mwa Oktoba ng'ombe 14 wote walikuwapo, wembamba kiasi, mbavu zinahesabika kwa wawili. Uzio ulivukwa mara moja, na ndama, chini ya waya wa chini mahali mchanga ulipochimbika; hakupigwa kwa sababu hakugusa. Shimo lilijazwa. Mama wa jirani amedai samadi zaidi ya ilivyoandikwa, na amepewa.

Bado kuna bomba la tano la ethi, na kinga ya radi. Mashine kwa sasa haina hata kile kifaa cha kupeleka radi ardhini kabla haijaifikia, na radi za Desemba za bonde hili haziangalii bei. Mwalimu amekubali kuinunua Novemba, akishauza marobota anayosema yatazidi. Mimi sioni yakizidi.